Mbele ya kulaumu virusi, tupime kwanza umeme

Kwenye avenyi yetu, hapa Lubumbashi, kuko kijana mwenye sekretariati publike: kompyuta mbili, emprimante moja na mashini ya fotokopi. Wakati wanafunzi wanaleta kazi zao za mwisho wa masomo, kibanda chake kinajaa mpaka barabarani. Mwaka huu kompyuta yake kubwa ilianza kuzimika yenyewe. Fundi wa kwanza akasema: «Petit, iko na virusi, tuiformate.» Akalipwa dola kumi. Kisha siku tatu ikazimika tena. Fundi wa pili akabadilisha barete ya memwari. Fundi wa tatu akafungua diski, akakuta mafaili ya wanafunzi wawili yameharibika. Mmoja alikuwa na kopi kwenye flashi. Mwingine, binti wa mama muuza unga, alirudilia kuandika kurasa arobaini kutoka kwa karatasi za kalamu, na tarehe ya kudepoze ilikuwa imebaki siku nne.

Kati ya mafundi wote watatu hakuna aliyeuliza: inazimikaka saa ngapi?

Tuliuliza siye. Jibu: kati ya saa 18 na saa 21. Asubuhi mashini inatumika vizuri kabisa. Tukaazima multimetre kwa fundi wa redio. Saa 10 ya asubuhi prizi ilitupa volti 214. Saa 19, volti 158. Na kila friji ya jirani ikianza kuvuta, namba ilishuka mpaka 140. Kumbe mashini ilikuwa na njaa tu.

Tunaandika haya juu tunajua wasomaji wengi wako wanalipa feza ya bure kwa ugonjwa ambao haumo ndani ya mashini. Windows yenyewe inaandikaka ushahidi: kwenye jurnali ya matukio, kila mara kompyuta inawaka upya bila kuwa imefungwa vizuri, kunabaki alama ya Kernel-Power, namba 41. Namba hiyo peke yake haisemi chanzo. Lakini zikijipanga zote jioni, saa ile ile ya kupika, usimpe fundi ruhusa ya kuformate kitu. Nunua multimetre ndogo, ao omba mwenye nayo apime mbele ya macho yako, saa ile mashini inasumbua, hapana saa ile fundi ana nafasi.

Laptopu inavumilia zaidi. Soma chaja yake: nyingi zimeandikwa 100-240 V, na batri inabeba mashini moto ukikatika. Batri ikikufa, laptopu inakuwa sawa na ile kompyuta kubwa, na mwenyewe anashangaa. Kompyuta kubwa za zamani ziko na kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Tumeona watu wanakipeleka kwa 115 «juu ya kusaidia» wakati umeme uko chini. Tafazali, musifanye hivyo. Usiku wa manane volti zinapanda, na kesho yake mutasikia harufu.

Stabilizatere na ondulere si kitu kimoja, hata kama wauzaji wanazichanganya. Stabilizatere inainua volti zilizoshuka, lakini moto ukikatika nayo inakufa. Ondulere inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Emprimante ya laser usiichomeke humo: inavuta kwa nguvu kila inapopasha joto, na ondulere inashindwa. Na moto ukirudi, acha dakika tano mbele ya kuwasha, juu mara nyingi unarudi na kishindo.

Kuko jambo lingine la hatari. Ukiona taa zako zinang'aa kupita kiasi, na za jirani zinafifia, pengine waya wa netri umelegea ao umekatika. Prizi ya 220 inaweza kukaribia 380. Hapo usitafute sababu: shusha disjonktere, kisha ita watu wa kazi.

Sasa, nani ana kosa? Siye wenyewe tuko na sehemu. Makala imekuwa bei, kila nyumba inapika na resho, na fazi moja ikichoka tunamulipa kijana wa mtaa apande nguzo atuhamishe kwa fazi yenye nguvu. Kisha wiki mbili, avenyi nzima imehamia huko, na ile nayo imechoka. Lakini kabini hatukuiweka siye. Ilipimwa kwa nyumba chache, leo inabeba kartie nzima. Laini ya Inga-Kolwezi, kilometa karibu 1.700, ilijengwa kwanza kwa ajili ya viwanda vya shaba, toka 1982, na nyumba zetu zimekaa kwenye mkia wa mstari. Sheria ya tarehe 17 juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wawekezaji wengine. Kwenye avenyi yetu nguzo ni zile zile.

Na fakture ni ile ile. Wengi wetu hatuna konteri, tunalipa forfe: volti 214 ao volti 140, bei moja. Muuzaji wa unga akikupimia nusu kilo kwa bei ya kilo, mutagombana. Kwa umeme tunanyamaza, kisha tunamulipa fundi, tunanunua stabilizatere, tunachangishana kwa ajili ya kebo. Hatuombi miujiza. Tunaomba saa za delestaji zitangazwe na kuheshimiwa, na mtu wa shirika apime volti mwishoni mwa laini, jioni.

Kijana wetu amepata ondulere ya okazyo. Anachapisha asubuhi, jioni anaandika tu, na kwa mlango amebandika karatasi: «Muje na flashi yenu.» Kwenye daftari ameandika vipimo vya wiki tatu, asubuhi na jioni. Jumatatu tutaipeleka pamoja kwenye bilo ya shirika linalotuuzia umeme, na kopi moja ya kugongewa kashe ya kupokea.