Singida Mashariki: Walilima alizeti, wakabakiwa na mashudu

TAHARIRI

Mkulima wa alizeti wa Ikungi anaijua hesabu yake. Analima, anapalilia, anavuna, anapeleka mashineni. Mafuta ni yake. Akitoka pale na gunia la mashudu peke yake, huku mafuta yamekwenda kwa mtu ambaye hakushika jembe, hahitaji mwanasheria wa kumwambia kilichotokea.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo walivyofanyiwa wapiga kura wa jimbo la Singida Mashariki mwaka 2019. Walikuwa wamechagua mbunge. Wakaondolewa mbunge. Wakapewa mwingine. Na katika safari hiyo yote, hakuna hata mwananchi mmoja aliyetumbukiza karatasi ya kura kwenye sanduku.

Tunaandika habari hii leo kwa sababu tunawasikia vijana kila kijiwe, kuanzia stendi ya Misuna pale Singida mjini hadi Manzese na Kariakoo, wakisema kwamba kura ni kupoteza muda. Kabla ya kuwalaumu vijana hao, tuulize kwanza walijifunza wapi maneno hayo. Singida Mashariki ni mojawapo ya madarasa yao.

Tuanze mwanzo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa shamba la chama tawala lisilo na mgogoro wa mipaka. Mwaka 1995 kijana mmoja mwanasheria, Tundu Lissu, aligombea huko Singida Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Akashindwa. Miaka 15 baadaye, mwaka 2010, alirudi kwa tiketi ya CHADEMA katika jimbo la Singida Mashariki, na safari hii wananchi wakampa. Matokeo yalipingwa mahakamani, na mwaka 2012 akashinda kesi. Mwaka 2015 wakampa tena. Mara zote mbili lilikuwa jimbo pekee la upinzani katika mkoa mzima wa Singida.

Tuelewane hapo. Hatusemi kwamba watu wa Ikungi, Mang'onyi, Mungaa na Makiungu walikuwa malaika kwa kuchagua upinzani, wala kwamba jirani zao walikosea kuchagua CCM. Tunasema walichagua, tena mara mbili, wakiwa na macho yao na akili zao. Kiti kile kilikuwa mali yao.

Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge wao alimiminiwa risasi mchana kweupe nje ya makazi yake mjini Dodoma, akiwa ametoka bungeni. Akakimbizwa Nairobi usiku huo huo, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi. Dunia nzima iliona picha zake kitandani. Miaka imepita na hatujaona mtu akipandishwa kizimbani kwa risasi zile.

Kilichofuata ndicho kiini cha tahariri hii. Tarehe 28 Juni 2019, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alilitangazia Bunge kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi. Alitoa sababu mbili: mbunge hakumpa Spika taarifa ya maandishi ya mahali alipo, na hakujaza fomu za mali na madeni. Mzee Ndugai alifariki dunia Agosti 2025, na sisi si watu wa kumsuta marehemu. Hoja yetu ni juu ya kiti na mamlaka yake. Mtu huondoka, mamlaka yakabaki na mwingine.

Tuwe wakweli pia. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, ubunge wake unakoma. Ni kanuni nzuri. Wapiga kura hawamtumi mtu bungeni ili akatafute biashara zake Dubai. Lakini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtoro ilitumika kwa majeruhi. Hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi anajua tofauti ya mwanafunzi aliyetoroka na yule aliyelazwa hospitali.

Na Katiba hiyo hiyo ina Ibara ya 83. Ibara hii inasema kwamba shauri la kuamua iwapo mbunge amekoma kuwa mbunge na kiti chake kiko wazi, lifunguliwe na kusikilizwa kwanza katika Mahakama Kuu. Kwa lugha ya kijiweni: wenye ugomvi waende kwa hakimu kabla shamba halijauzwa.

Sasa angalia kalenda, kijana. Juni 28 kiti kinatangazwa wazi. Julai 18 ni siku ya uteuzi wa wagombea. Wagombea wa vyama vingine waliochukua fomu hawakuzirudisha. CHADEMA ilikuwa imeshatangaza kususia chaguzi ndogo. Akabaki mmoja, Miraji Mtaturu wa CCM, akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Zilikuwa zimepita siku 20 tu. Kura zilipangwa kupigwa Julai 31. Siku ile ilipofika, mwananchi wa Ikungi aliendelea na kazi zake, maana hapakuwa na kitu cha kupigia kura.

Agosti Lissu akaenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Septemba Mtaturu akaapishwa. Siku chache baadaye mahakama ikayakataa maombi ya Lissu, ikiona kwamba jimbo tayari lilikuwa na mbunge mwingine na njia iliyofaa ilikuwa kesi ya kupinga uchaguzi. Kumbe shamba lilishauzwa, na aliyelalamika akaambiwa amechelewa.

Na huyo Mtaturu alikuwa nani? Alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Hatumtuhumu kwa kosa lolote. Raia yeyote ana haki ya kugombea, na mwaka 2020 aligombea tena akatangazwa mshindi. Lakini mtu anapotoka kwenye ofisi yenye nguvu kuliko zote wilayani na kwenda moja kwa moja kwenye fomu ya ubunge wa wilaya ile ile, mpinzani mwenye kibanda cha chipsi au pikipiki ya mkopo atafikiri mara tatu kabla ya kusimama mbele yake. Refa havui filimbi dakika ya 80 akavaa jezi.

Wapo watakaosema huo ndio utaratibu, mbona mnalia? Tuwatazame jirani zao wa Singida Kaskazini. Oktoba 2017 Lazaro Nyalandu alijiuzulu ubunge na kuihama CCM kwa hiari yake. Januari 13, 2018 uchaguzi mdogo ulifanyika, Justin Monko wa CCM akashinda. Vyama vingine vilisusia, na tulikuwa na malalamiko yetu juu ya uchaguzi ule, lakini angalau masanduku yalitoka na watu wakapiga kura. Kule Mashariki, ambako mbunge hakuondoka kwa hiari, hata sanduku halikuonekana.

Tutazame na mbali kidogo. Uingereza, tuliyoiga Bunge lake, ilitunga sheria mwaka 2015 ya kumrudisha mbunge nyumbani. Mbunge akipatikana na makosa ya aina fulani, wapiga kura wa jimbo lake hupewa wiki sita za kutia saini. Wakifika asilimia 10, kiti kinakuwa wazi, na aliyeondolewa anaruhusiwa kugombea tena. Mei 2019 watu wa Peterborough walimwondoa mbunge wao, Fiona Onasanya, kwa njia hiyo, na Juni 6 wakapiga kura kumpata mwingine. Yalitokea wiki tatu kabla ya tangazo la Dodoma. Kule mwananchi alitia saini. Kwetu alisikia redioni.

Ndugu zetu, mambo haya yana gharama. Aprili 2025 Lissu, akiwa sasa mwenyekiti wa chama chake, alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini, na siku mbili baada ya mashitaka hayo chama kikaambiwa hakitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mei mwaka huo hata jina la jimbo likabadilishwa, likawa Ikungi Mashariki. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi vijana waliingia barabarani katika miji yetu, intaneti ikazimwa, damu ikamwagika, na wako waliotoka nyumbani asubuhi ile wasirudi. Hatusemi yote yalianzia Ikungi. Tunasema mtu aliyezoea kunyimwa kura kimyakimya, siku moja hutafuta njia ya kusikika ambayo haina ukimya, na anayezikwa ni mtoto wa mlalahoi.

Tunataka mambo matatu, na hayahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, kiti cha mbunge kisijazwe kabla Mahakama Kuu haijaamua chini ya Ibara ya 83, na mahakama ipewe muda mfupi maalumu wa kuamua, ili jimbo lisikae bila msemaji.

Pili, sheria itamke wazi kwamba mbunge aliyelazwa au anayeuguza majeraha si mtoro, na taarifa ya daktari itoshe.

Tatu, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi anayetaka ubunge aachie ofisi muda wa kutosha kabla ya kuchukua fomu mahali alipotawala.

Na wewe kijana uliyetoka Singida ukaja mjini kutafuta maisha, usikubali kuambiwa kwamba kura haina thamani. Ingekuwa haina thamani, kwa nini ilikimbizwa kwa siku 20? Kitu kisicho na thamani hakiibiwi. Tafuta nakala ya Katiba, soma Ibara ya 71 na ya 83, kisha uwasomee wenzako hapo kijiweni. Usirushe jiwe. Mwenye jiwe anajibiwa kwa risasi, lakini mwenye swali lazima ajibiwe kwa maneno.

Swali lenyewe ni fupi, na tutalirudia mpaka lijibiwe: mafuta ya Singida Mashariki yalikwenda wapi?