Kisima Kirefu Si Lazima Kiwe na Faida

Wenye mtaji mdogo katika kaunti ya Kitui huulizana swali moja kila kiangazi: tuchange, tuchimbe kisima, tuuze maji? Wazo si baya. Mnunuzi yupo. Kasoro iko kwenye hesabu.

Kitui imekalia miamba migumu ya kale. Humo maji hukaa kwenye tabaka la juu lililooza na katika nyufa za mwamba, na kadiri unavyoshuka nyufa hupungua. Hata hivyo, mkandarasi hulipwa kwa mita, iwe mbichi au kavu. Anayekushauri "tuongeze mita 50" ndiye huyo huyo mita yake inahesabu!

Tufanye mfano. Bei ikiwa shilingi 8,000 kwa mita, kisima cha mita 80 ni shilingi 640,000; cha mita 180 ni 1,440,000. Kikitoa lita 1,000 kwa saa, kwa saa 8 utapata mitungi 400 ya lita 20. Ukiuza mtungi shilingi 5, mauzo ni shilingi 2,000 kwa siku. Zile mita 100 za nyongeza zitameza mauzo ya siku 400, na bado hujanunua pampu, mabomba ya kukinga kuta wala tangi, wala hujamlipa mhudumu.

Kisha kuna chumvi, ambayo Kitui si ngeni. Wasomaji watakumbuka Turkana mwaka 2013, maji ya Lotikipi yalipotangazwa kwa shangwe; vipimo vya baadaye vikaonyesha yana chumvi.

Kwa maoni yetu, mtaalamu wa maji ya ardhini asiwe mtu wa mkandarasi. Yeye ndiye apendekeze kina cha kukomea, nacho kiandikwe katika mkataba kabla mtambo haujaingia shambani, pamoja na nani atabeba hasara ya shimo kavu. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kitangulie. Pampu isinunuliwe mpaka kisima kipimwe kwa kuvutwa maji saa 24 na sampuli ipite maabara.

Mkandarasi akikataa sharti la kina, mwacheni aende. Penye mto wa mchanga karibu, kama Tiva au Thua, ulizieni kwanza gharama ya kisima kifupi cha kando ya mto.