Kitabu Pepe cha Kwanza: Tuandike Habari ya Nini?

Aniceti Kitereza alikuwa mwenyeji wa Ukerewe, kisiwa kinachotengwa na Wilaya ya Bunda kwa mlango mwembamba tu wa maji. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa lugha ya Kikerewe, lakini mchapishaji hakupatikana. Ilimlazimu kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mtungaji huyo alifariki dunia.

Leo kijana wa Musoma mwenye kompyuta, au hata simu tu, hana haja ya kungoja miaka 35. Huandika kitabu chake, hukiuza kwa kumpelekea mnunuzi moja kwa moja simuni, na malipo huyapokea kwa simu hiyo hiyo. Hiyo ni neema kubwa. Lakini, ndugu msomaji, mchapishaji wa zamani alikuwa na kazi mbili. Alilipia mitambo, na kabla ya kuilipia aliuliza: kitabu hiki atakisoma nani? Gharama ya mitambo imeondoka. Swali limebaki, wala halina mwenyewe.

Vijana kadhaa wa mkoa wetu wamenionyesha vitabu pepe vyao vya kwanza. Karibu vyote vinahusu mafanikio, utajiri na siri za biashara, na waandishi wenyewe hawajapata kufanya biashara hata moja. Kwa maoni yangu huko ni kuanza vibaya. Nasema hivyo nikiwa mkosaji wa kwanza, kwa kuwa kitabu pepe changu cha kwanza kilihusu kilimo cha kisasa chote, tangu udongo hadi soko, kurasa 160. Zilinunuliwa nakala 9, na wanunuzi 4 kati ya hao walikuwa ndugu zangu. Mkulima mmoja wa Butiama alinieleza kwa upole kwamba amekisoma hadi mwisho, ila hakuona mahali panapoeleza kwa nini mihogo yake inaoza ardhini.

Jibu la swali hilo la mchapishaji liliwahi kutafutwa papa hapa. Mwaka 1968 Serikali yetu, ikishirikiana na UNESCO, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kando ya Ziwa Victoria, Mara ikiwa mojawapo. Waliobuni mradi ule hawakutunga kitabu kimoja cha kumfaa kila mtu. Walitazama kwanza watu wanafanya kazi gani, ndipo wakaandika vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji wa ng'ombe. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya kupanda, kupalilia na kupulizia dawa. Mvuvi alijifunza kwa maneno ya nyavu na mtumbwi. Kazi ya msomaji ilichaguliwa kabla mwandishi hajashika kalamu. Sijaona kanuni bora kuliko hiyo, nayo inatufaa sisi wa vitabu pepe kama ilivyowafaa wao wa vitabu vya karatasi.

Tumrudie yule mkulima wa Butiama. Mihogo ina magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato hujionyesha waziwazi: majani machanga hupindika na kuwa na mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi. Dalili zake hutokea katika majani ya chini yaliyokomaa, tena mara nyingi hafifu, na mmea waweza kustawi machoni pa mwenye shamba hali mihogo yenyewe ina uozo mkavu wa rangi ya kahawia ndani. Inzi weupe huyaeneza magonjwa hayo karibu karibu. Safari za mbali hufanywa na binadamu, anapobeba vipando kutoka shamba lenye ugonjwa. Basi kitabu kinachohitajika hakihusu kilimo, wala hata mihogo kwa jumla. Kinahusu namna ya kuchagua vipando kabla ya mvua, na kurasa 30 zinakitosha.

Hapo ndipo penye hatari isiyosemwa sana. Mwandishi anayejichapishia hana mhariri wala mtaalamu wa kumzuia. Nikiandika kwamba kila shina lenye majani mazuri lafaa kwa vipando, kosa langu litapakiwa kwenye baiskeli na kuvuka vijiji vitatu kabla sijalijua, na familia itakayong'oa uozo mwaka ujao haitakuwa na wa kumlalamikia. Kwa hiyo uwanja wa kitabu cha kwanza uwe ule ambao mwandishi aweza kuulizwa akajibu, na kuna mjuzi wa kumsahihisha. Watafiti wa Ukiriguru hawako mbali, na Butiama yenyewe sasa ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere.

Musoma nayo ina maswali yake. Mchuuzi wa dagaa ataka kujua jinsi ya kukausha wakati wa mvua, na gharama ya vichanja ikilinganishwa na hasara ya kuanika mchangani. Bunda kuna tembo watokao Hifadhi ya Serengeti na kuingia mashambani. Hilo nisingemshauri aliandike mtu ambaye hajapata kukesha akilinda shamba.

Wapo wasemao kwamba mada finyu namna hii itakosa wanunuzi. Sikubaliani nao kabisa, maana muhogo haulimwi Butiama peke yake. Lakini nakiri kwamba anayetazamia kununua ng'ombe kwa mapato ya kitabu cha vipando atangoja sana. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulidharau: yafaa kuandika pia majina ambayo Wazanaki, Wajita na Wakurya huyatumia kwa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa msomaji asiyetambua jina hufunga kitabu akidhani kinasema habari ya mashamba mengine.

Kitabu changu cha pili kina kurasa 28 na bado sijakiuza. Nimewapa wakulima 5 wa Butiama wakisome shambani, siyo nyumbani. Wawili wamekwisha kunirudishia nakala zao zikiwa na masahihisho, na sahihisho moja limeufuta ukurasa wa 8 wote.