Nyumba ya Kasisi ni Waraka wa Fundi

Katika masimulizi ya historia, nyumba ya kasisi aghalabu hutajwa kama malazi ya mhubiri tu. Mtazamo huo ni finyu. Nyumba ni matini kama matini nyinginezo: ina watunzi, ina hadhira, na huficha mengi.

Ukambani ulipata matini za aina hiyo katika miaka ya mwisho ya enzi ya Malkia Victoria. Wamishonari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha, Kitui, mapema katika miaka ya 1890. Mnamo Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui, Makueni. Mwaka uliofuata Scott akafariki hukohuko.

Nyumba ya Mkamba ilikuwa ya mviringo, imeezekwa nyasi, na wanaume walibarizi nje, kwenye thome. Nyumba ya mmishonari wa enzi hiyo, kwa kawaida, ilikuwa ya pembe nne, yenye vyumba vilivyotengwa kwa kazi mbalimbali na upenu wa kupokelea wageni. Ramani hiyo yenyewe ilikuwa mahubiri kuhusu faragha na mamlaka. Hata hivyo, miti, udongo na nguvu za kujengea vilitoka kwa wenyeji.

Wapo wanaoshikilia kwamba majengo haya ni makovu ya ukoloni, hivyo yaachwe yaporomoke. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Kubomoa nyumba ya kasisi hakumfuti kasisi, kwani barua na ripoti zake zimehifadhiwa ng'ambo. Anayefutwa ni fundi Mkamba, ambaye ukuta ndio waraka wake wa pekee.

Huko Rabai, alikotoka Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi mwaka wa 1849, kanisa la kale limegeuzwa kuwa makavazi. Katiba ya 2010 nayo ilizipa serikali za kaunti jukumu la makavazi. Kitui na Makueni hazina budi kulitekeleza. Wanafunzi wa Kiswahili nao, hasa wanaokijua Kikamba, wana wajibu: wapime kuta zilizosalia, wawahoji wazee, wanakili majina ya mafundi na istilahi zao kabla ya tingatinga kufika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta mpya, hata ukiwa imara namna gani, hautamtaja fundi wa kwanza.