Mtoto akipata degedege, tazama saa kwanza

Mwezi uliopita nilikwenda Natta, wilayani Serengeti, kwenye msiba wa ndugu. Jioni tukiwa nyuma ya nyumba tunamenya viazi, mama mmoja kijana aliyembeba mtoto mgongoni alinisikia nikitaja kwamba ninaandika ukurasa huu wa familia. Akasogeza kigoda chake karibu. "Basi dada, andika na habari ya huyu. Mwenzako nilijua nimeshamzika."

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane. Siku hiyo aliamka na joto, akakataa uji. Mama akampa dawa ya maji ya kushusha homa, akaendelea na kazi. Jioni anasonga ugali, akasikia kitu kinagonga chini kwenye mkeka. Kugeuka, mtoto amekakamaa, macho yamegeukia juu, povu linatoka mdomoni, mikono na miguu inatikisika.

"Nilipiga kelele, majirani wakajaa. Mmoja kaja na kijiko amtanue meno. Mwingine kaja na ndoo ya maji ya baridi. Mama mkwe akasema hili ni degedege, asipelekwe kwenye sindano, akichomwa tu amekwenda. Tumpeleke kwa mzee anayejua dawa yake."

Nikamuuliza hali ile ilidumu muda gani. Akasema angeapa ni nusu saa. Lakini simu ya mumewe ilisema vingine. Baba alimpigia dereva wa bodaboda mtoto alipoanza tu kutikisika, akampigia tena kumhimiza mtoto alipokwisha kutulia. Kati ya simu hizo mbili zilipita dakika tatu.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Dakika tatu za degedege zinamfanya mzazi aone ni usiku mzima, na katika hofu hiyo ndipo tunapofanya mambo yanayomuumiza mtoto.

Degedege linaloletwa na homa huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Ubongo wa umri huo bado unakua, na joto la mwili likipanda unaweza kushtuka na kuutikisa mwili mzima. Ulaya na Marekani, ambako malaria si tatizo, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa angalau mara moja. Kwa wengi hukoma lenyewe kabla ya dakika 5. Degedege fupi la namna hii haliharibu ubongo wa mtoto, na kulipata si kusema ana kifafa. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu waliolipata hulipata tena akipata homa nyingine, na wengi huliacha wakishakua.

Nilipomweleza hayo, yule mama alishusha pumzi. Kumbe alikuwa akijilaumu kwamba alimfunika sana, au alichelewa kumpa dawa ya homa. Dawa ya homa humpunguzia mtoto maumivu na joto, lakini haizuii degedege kwa uhakika. Hata mzazi makini humtokea.

Ila habari haiishii hapo, kwa sababu sisi tunaishi penye malaria. Kutikisika kule kule kunaweza kuwa dalili ya malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au ya homa ya uti wa mgongo. Kwa macho, ukiwa nyumbani, huwezi kutofautisha. Ndiyo maana wahudumu wa afya huhesabu degedege kwa mtoto mwenye homa kuwa ni dalili ya hatari, hata kama limeshakoma na mtoto amelala usingizi mzuri.

Na pale Natta ubishi ulianza baada ya mtoto kutulia. Bibi akasema, "Si mnaona limempita? Mwacheni alale, alfajiri tutakwenda kwa mzee." Baba akataka waondoke muda ule ule kwenda hospitali, Mugumu. Mama akabaki katikati, mtoto kifuani, na njia ya usiku kule kwetu inajulikana, ukikutana na tembo unasubiri apite.

Tusimcheke bibi. Hofu yake si ya Natta peke yake. Wataalamu waliofanya utafiti wilayani Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, waliwakuta wazazi wanaoona degedege ni ugonjwa wa kuua, lakini si lazima wauhusishe na malaria. Tiba za mwanzo zilikuwa kama kumkojolea mtoto au kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo. Waganga wenyewe mara nyingi waliwaelekeza wazazi hospitali pale dawa zao ziliposhindwa. Tatizo ni kwamba wakati huo mtoto anakuwa ameshapoteza saa nyingi, pengine siku.

Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo, mwenye malaria kali, anafika hospitali siku ya tatu hajitambui. Anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Wanaorudi nyumbani na maiti wanakumbuka kitu cha mwisho walichokiona, yaani sindano. Wakiona hivyo mara mbili tatu kijijini, tayari ni mwiko.

Baba alifanya jambo moja la busara. Hakugombana. Akaita bodaboda ya pili, akamwambia, "Mama, twende wote. Ukiona wanamfanyia jambo baya, utasema wewe." Bibi akajifunga khanga, akapanda.

Hospitali mtoto alitobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Daktari akamkagua shingo, akamwamsha kuona kama anamtambua mama yake, akaandika sindano ya malaria na mtoto alazwe. Ilipoletwa ya kwanza bibi alitoka nje. Mama alimfuata, akamkuta amekaa kwenye ngazi analia. Ndipo akasimulia habari ambayo mkwewe hakuwahi kuisikia: kabla ya kumzaa huyu baba wa mtoto, alikuwa na binti. Naye alipata degedege. Walimpeleka siku ya nne, akachomwa sindano, akafa mikononi mwake.

"Nikamuuliza, mama, hizo siku nne alikuwa wapi? Akasema, alikuwa kwa mzee."

Mjukuu alichomwa sindano tatu ndani ya saa 24. Baada ya ya pili alikaa kitandani akaomba uji, na aliyemnywesha ni bibi. Walirudi nyumbani na dawa ya mseto ya kumeza siku tatu.

Haya basi, ukikutwa na jambo hili, fanya hivi:

Tazama saa. Simu hiyo unayosomea sasa ina saa. Angalia limeanza lini na limekoma lini. Kama kuna mtu wa pili, arekodi video fupi. Daktari ataelewa zaidi akiiona kuliko kwa kusimuliwa.

Mlaze mtoto chini, kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje. Ondoa jiko, sufuria na chochote kigumu kilicho karibu. Legeza nguo shingoni.

Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na maji huingia kwenye mapafu.

Usimkandamize kumzuia asitikisike, wala usimmwagie maji ya baridi. Usimpake mafuta ya taa wala kumfukiza moshi.

Likikoma, mwache kwa ubavu, hakikisha anapumua vizuri. Kusinzia baada ya degedege ni kawaida. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama ameanza kucheza.

Usisubiri lolote, anza safari mara moja, ikiwa limepita dakika 5, limerudi tena, limetikisa upande mmoja tu wa mwili, mtoto haamki, shingo imekakamaa, utosi umevimba, anatapika kila kitu au hawezi kunyonya, au ana umri chini ya miezi 6. Kituoni wana dawa ya kulikatisha.

Na zungumzeni mapema. Mtoto akiwa mzima, kaa na mama mkwe, dada wa kazi na yeyote anayebaki naye, mkubaliane: akipata degedege tunampigia dereva gani, nani anabaki na wadogo, nauli ya dharura imewekwa wapi. Usiku wa tukio si wakati wa kuanza kubishana na mtu aliyewahi kuzika mtoto.

Tulipomaliza viazi, bibi mwenyewe alipita kuchukua sufuria. Mkwe wake akamwambia, "Mama, huyu dada anaandika gazetini habari ya mtoto." Bibi akanitazama, akasema, "Andika wawahi. Mimi nilichelewa."