Tunamcheka Nani?



Kucheka si dhambi, na sikushika kalamu ili kuwanyang'anya furaha ya maigizo yenu. Nabishana na kicheko kimoja tu: kile kinacholipuka ukumbini kila anapotokea jukwaani mjane anayetaka kuanza upya. Mnamfahamu. Matanga yameondolewa jana tu, naye leo amekwisha kusuka nywele, anauliza bei ya kikwembe kipya, anageuza shingo kila mwanamume akipita. Watu wanashika mbavu. Mimi nasema tunamcheka asiyestahili kuchekwa.

Mtanijibu kwamba mjane huchekesha duniani kote. Basi tutazame kwa wengine. Wamarekani wana filamu ya kuchekesha ya mwaka 1967, The Ballad of Josie, ambamo Doris Day anaigiza mjane katika nchi ya Wyoming. Mumewe mlevi amekufa, mtoto wake amechukuliwa na baba mkwe, naye anaamua kujitegemea kwa kufuga kondoo mahali ambapo wakubwa wote ni wafuga ng'ombe. Wanaume wanakasirika kana kwamba mbingu imeanguka. Ni filamu nyepesi, ya kupumzisha akili. Lakini angalieni kicheko kinamwangukia nani: kinawaangukia wanaume wazima wanaomwogopa mwanamke mmoja na kondoo wake. Yeye anayeanza upya, watazamaji wanamtakia heri.

Sisi tumegeuza. Mjane wa Wamaza, wa Kasongo au wa Kabambare anaanza upya na nini? Mara nyingi kaburi bado bichi, na mashemeji wamekwisha kuhesabu mabati, mbuzi, baiskeli na masufuria. Wapo wanaotaka kumrithi hata yeye mwenyewe, kama kwamba ni kimoja cha vyombo vya nyumba. Akikataa, anaondolewa kiwanjani, na watoto wanabaki kwa ndugu za baba yao. Anaanza na beseni la mchele wa kukopa au bidoni moja ya mafuta ya mawese. Anauza sokoni, anaweka zamu yake katika likelemba, analipa karo ya shule kidogo kidogo. Siku anaponunua kikwembe kwa jasho lake, sisi tunamwekea igizo!

Wanaotetea mambo haya wana hoja, nami sitazikimbia.

Wanasema: tulitoa mahari. Ndiyo, mlitoa. Lakini mahari ni ushuhuda wa mapatano ya jamaa mbili. Haikuwa bei ya mtu, na aliyekufa hakuacha mke kama anavyoacha jembe.

Wanasema: Maandiko yanamruhusu ndugu kumchukua mjane. Someni vizuri Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Sheria ile ilimwekea mwanamume mzigo wa kuinua jina la nduguye aliyekufa bila mtoto wa kiume. Haikumpa ruhusa ya kubeba mabati. Someni na kitabu cha Ruthu: mjane yule alimwendea Boazi kwa hiari yake, na Boazi akalimaliza jambo mchana, mbele ya wazee langoni, akilikomboa shamba la jamaa badala ya kulila. Mtume Paulo naye anamwachia mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, katika Bwana (1 Kor 7:39). Na wale wanaokula nyumba za wajane, Bwana wetu aliwahukumu waziwazi (Mk 12:40).

Wanasema: ni mila ya huku kwetu. Basi tuwatazame majirani zetu Waislamu, ambao Kasongo tunaishi nao mlango kwa mlango. Kurani inamwekea mjane miezi minne na siku kumi za eda, kisha anakuwa huru. Inampa sehemu ya nane ya urithi ikiwa marehemu ameacha watoto. Tena inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Atakayemnyang'anya mjane hapa kwetu hatapata kimbilio katika dini yoyote kati ya hizi mbili.

Hatalipata hata katika sheria ya nchi. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi. Robo inayobaki, mjane ana fungu lake ndani yake pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Tena inamwachia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Shemeji anayebadilisha kufuli ya mlango hatetei mila, anavunja sheria.

Lakini haki isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea. Ndoa iliyofungwa katika jamaa inapaswa kuandikishwa kwa afisa wa serikali, na cheti cha parokia peke yake hakitoshi mbele ya hakimu. Ninyi mnaokaribia kuoa na kuolewa, andikisheni ndoa zenu mkiwa wazima wote wawili. Kijana anayempenda mchumba wake kweli hamwachii vita vya kupigana peke yake siku atakapolia.

Na penye matanga msiende kupanga viti na kuimba tu. Kaeni mpaka wageni waondoke, maana nyumba huporwa wageni wakiisha kuondoka. Vijana ishirini walioketi uani, wakiwa kimya na wenye adabu, ni ukuta mgumu kuuruka.

Kisha tungeni igizo jipya. Mjane mwacheni asuke nywele zake, avae kikwembe chake, auze mawese yake, na akipenda, aolewe. Anayefaa kuchekwa yupo: ni yule shemeji aliyekuja kilioni na kamba ya kupimia mabati, machozi yakimtoka jicho moja na jicho la pili likihesabu mbuzi. Huyo mleteni jukwaani. Tutamcheka mpaka aone haya, na pengine kesho atairudisha baiskeli.