Majani ya miaka mitano, shamba ya msimu moja

Wandugu vijana wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira na kwengine,

Kila mara tukidai kazi, jibu ni lile lile: «Murudi kijijini, mulime, mufuge.» Kinshasa nako wanasema udongo utalipiza kisasi juu ya madini. Maneno ni matamu. Sisi wenye diploma na bila kazi hatukatae kushika jembe. Tunauliza tu: tulishike kwa shamba ya nani, na kwa muda gani?

Tuchukue mfano ambao watu wa mujini hatuufikirie sana: majani ya kulisha mifugo. Si yale ya kukata njiani. Ni yale ya kupandwa kwa kusudi: tripsakumu, setaria, matete, brakiaria. Watafiti wa CIAT na wenzao wa hapa Kivu ya Kusini waliyajaribu pamoja na wakulima, kwa mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo mtu asituambie kama ujuzi hakuna. Ujuzi uko.

Kwa nini majani ni jambo la pesa? Sababu mnyama anakula kila siku, hata siku ya mungu, hata siku ya vita. Hesabu ya wafugaji ni hii: kwa kila kilo 100 za uzito wake, mnyama anataka karibu kilo 10 za majani mabichi kwa siku. Ngombe wa kilo 300 anataka kilo 30. Mbuzi wa kilo 30 anataka kilo 3. Nani anazileta? Mama na watoto, kwa kichwa. Kiangazi kikiingia, mwezi wa 6 mpaka wa 8, majani ya njiani yanakauka na safari inakuwa ndefu. Masaa hayo hakuna anayeyalipa, ndiyo maana hakuna anayeyahesabu. Lakini ni masaa ya shamba, ya soko na ya masomo yanayopotea.

Majani ya kupandwa yanabadilisha hesabu hiyo. Yako karibu na nyumba. Wakati wa mvua, matete unaikata na kuikata tena kila wiki 6 mpaka 8, na ukiitia samadi inaweza kukaa miaka 5 na zaidi. Hakuna kununua mbegu kila mwaka: shina moja linapasuliwa, jirani anamupa jirani. Kwa milima yetu ya Kabare na Walungu, ukiyapanda kwa mistari ya kukata mteremko, yanashika udongo usishuke na mvua, na maharagwe yanabaki katikati ya mistari. Mnyama anashiba, maziwa yanaongezeka, samadi inarudi kwa maharagwe na mihogo. Kwa karatasi, hesabu inakubali kabisa.

Lakini tuseme ukweli wote. Gharama inakuja kwanza: kulima, kubeba mashina, kupanda, kupalilia, kutia samadi. Halafu unangoja miezi 3 au 4 mbele ya kukata mara ya kwanza, na mahali pale pangeweza kukupa chakula. Faida inakuja polepole, mwaka wa 2, mwaka wa 3. Ni pale mlango unafungwa.

Kwa Bushi, familia nyingi zinalima kwa bwasa. Ni kukodi udongo kwa msimu au mwaka, unalipa pesa, sehemu ya mavuno ao siku za kazi. Na mwenye udongo anakuambia wazi: «Lima maharagwe, lima viazi, lakini usipande kitu ya kubakia.» Hapana migomba, hapana kahawa, hapana miti. Anaogopa kama ukipanda kitu ya kubakia, kesho utasema shamba ni yako. Kalinzi ni tofauti: ukiisha kuilipa kwa mwami, unapata haki ya kuachia watoto wako. Lakini udongo umekuwa haba, na asiye na kitu mkononi anabaki na bwasa. Kijana anayetoka mujini naye, atapata nini? Bwasa.

Sasa, majani haya ni kitu ya kubakia. Mukodi anatoa jasho msimu wa kwanza, mwenye udongo anavuna misimu inayofuata. Mtu mwenye akili hawezi kufanya kazi ya namna hiyo. Wale wanaosema wakulima wetu ni wagumu, hawapendi mambo mapya, wajue kama wakulima wamepiga hesabu vizuri kuliko wao.

Wengine watatujibu: «Mufuge wadogo, sungura na simbilisi, hawana haja ya shamba kubwa.» Ni kweli, na tunawaheshimu wanaofanya hivyo. Tangu vita ya 1996 ngombe wengi walinyanganywa, na mnyama mdogo unaweza kumubeba ukikimbia. Mustari moja wa setaria pembeni ya nyumba unatosha kwa simbilisi wachache. Wenye kiwanja wapande hata leo. Lakini simbilisi wachache ni musaada wa nyumba, si jibu kwa kizazi kizima kisicho na kazi.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Leta. Kwa mashamba ya mila, kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais. Miaka 50 ilipita bila ordonansi hiyo. Katika pengo hilo, mwenye pesa na marafiki anapata cheti kwa mulima wa watu, na anayelima tangu ujana wake anabaki na neno la mdomo tu. Na pembeni ya bwasa ziko konsesioni za zamani za chai na kinkina, zingine zimegeuka pori.

Kwa hiyo tunadai:

1. Haki za mila juu ya udongo ziandikwe kwa sheria wazi, zimulinde anayelima, si chifu na tajiri wa mujini peke yao.

2. Anayekodi shamba apate mkataba wa maandishi wa miaka 5 angalau, kwa Kiswahili na Mashi, mbele ya mashahidi. Uandikwe kama majani si alama ya kumiliki. Mwenye udongo akirudisha shamba yake mapema, alipe kazi ya mukodi. Hivi wote wawili wanalindwa.

3. Orodha ya konsesioni zilizoachwa itolewe mbele ya watu, na vijana na mama waweze kuzikodi.

4. Kila mradi unaogawa mashina uulize kwanza: shamba hii ni ya nani?

Na sisi tusingoje Kinshasa kwa yote. Wenye kusoma sheria waandike mkataba wa ukurasa moja. Wenye kusoma kilimo waonyeshe namna ya kupanda kwa mistari. Twende pamoja kuwaona wazee wenye udongo, kwa heshima, tuzungumuze nao kijiji kwa kijiji. Na mukubwa atakayetuambia tena turudi kijijini, atuonyeshe kwanza shamba ya miaka 5.